Kuweka mfumo endeshi wa zamani kwenye kompyuta mpya: ya kuchunguza kabla hujafuta ulichokikuta

Wakuu, salaam.

Kila toleo jipya la Windows linapotoka, swali hili hurudi jukwaani: mtu amenunua kompyuta mpya, amekuta ndani yake mfumo endeshi asioupenda, naye anataka kuufuta na kuweka ule aliouzoea. Liliulizwa mwaka 2007 wakati wa Vista, ambapo wengi walitamani kurudi Windows XP. Likaulizwa tena mwaka 2012, Windows 8 ilipokuja bila kitufe cha Start na watu wakaing'ang'ania Windows 7. Siku hizi linaulizwa na wenye kompyuta za Windows 11 wanaoitaka Windows 10, na wachache ambao bado wanaitaka Windows 7. Jibu linalotolewa mara nyingi ni fupi mno: tengeneza flashi, futa diski, sakinisha. Hatua hizo si za uongo, ila zinaruka jambo linaloamua kama kazi itafanikiwa, nalo ni umri wa vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta ukilinganishwa na umri wa mfumo unaotaka kuuweka.

Mfumo endeshi hukifahamu kifaa kwa kupitia draiva, yaani programu ndogo inayouelekeza namna ya kuitumia kadi ya Wi-Fi, padi ya kugusa, spika, kamera au diski. Mfumo mpya ukikutana na kifaa cha zamani, kwa kawaida hakuna shida kubwa, kwa kuwa waliouandika walikuwa wamekwisha kukijua kifaa hicho. Mfumo wa zamani ukikutana na kifaa kilichobuniwa baada yake, itabidi mtengenezaji wa kifaa awe amekubali kurudi nyuma na kuuandikia draiva. Asipokuwa amefanya hivyo, mtumiaji wa kawaida hana namna ya kuliziba pengo hilo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza namna ya kufuta, fungua ukurasa wa msaada wa mtengenezaji, uandike modeli kamili kama ilivyo kwenye kibandiko kilicho chini ya kompyuta, kisha utazame ni mifumo ipi inayotajwa kwenye orodha ya draiva. Kama mfumo unaoutaka haumo kabisa, umekwisha kupata sehemu kubwa ya jibu.

Nitaanza na mfano mgumu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kikwazo kinachoweza kumpata mtu katika kazi hii. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, wakati USB 3.0 ilikuwa haijaenea na diski za NVMe (aina mpya ya SSD zenye kasi kubwa) hazijaingia sokoni. Diski yake ya usakinishaji, kwa hiyo, haina draiva za vidhibiti vya USB 3.0. Jambo hilo halikuwa na madhara makubwa hadi mwaka 2015, kwa sababu mbao mama nyingi zilikuwa bado na vidhibiti vya USB 2.0 pembeni. Chipseti za Intel zilizokuja na prosesa za kizazi cha 6 ziliviondoa vidhibiti hivyo, na matokeo yake yakawa ya kushangaza kwa asiyejua sababu: usakinishaji unaanza vizuri, skrini ya kuchagua lugha inatokea, halafu kibodi na kipanya cha USB vinakufa. Flashi iliyowasha kompyuta yenyewe nayo haionekani tena, kwa kuwa mwanzoni ilikuwa ikisomwa na famuwea ya ubao mama, yaani programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, na sasa zamu ya kuisoma imeufikia mfumo ambao haujui namna ya kufanya hivyo.

Ukilivuka hilo kwa kuzipachika draiva za USB ndani ya faili za usakinishaji, unakutana na diski. Windows 7 haikuja na uwezo wa kuzisoma diski za NVMe. Microsoft iliuongeza baadaye kwa kiraka cha KB2990941, ambacho nacho inabidi kipachikwe kabla ya kuanza. Ukilivuka na hilo, unakutana na namna kompyuta inavyowaka. Windows 7 ya biti 64 inaweza kuwaka kwa UEFI, yaani famuwea ya kisasa iliyochukua nafasi ya BIOS, lakini haiijui Secure Boot, kinga inayozuia programu zisizoaminika wakati wa kuwaka, na katika kuonyesha picha wakati wa kuwaka bado inategemea huduma za BIOS ya zamani ambazo UEFI huziigiza kupitia sehemu iitwayo CSM. Mwaka 2017 Intel ilitangaza nia ya kuiondoa CSM ifikapo mwaka 2020, na kompyuta mpakato nyingi za miaka ya karibuni hazina chaguo hilo kabisa kwenye mipangilio yake. Pasipo CSM, Windows 7 hukwama kwenye skrini yake ya kuwaka na kubaki hapo. Na hata ukishinda yote hayo, tangu mwaka 2017 Microsoft ilizuia masasisho ya Windows 7 na 8.1 yasiingie kwenye kompyuta zenye prosesa za kizazi cha 7 cha Intel na Ryzen za AMD. Wapo waliotengeneza njia za kuzunguka kizuizi hicho. Mimi sioni faida ya kujenga kompyuta ya kazi juu ya mfululizo wa njia za kuzunguka.

Windows 10 ni habari nyingine. Tofauti yake na Windows 11 kwa ndani ni ndogo kuliko inavyoonekana kwa nje, na draiva nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya moja hufanya kazi kwenye nyingine. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 zinaikubali Windows 10 bila ugomvi mkubwa. Hata hivyo, zipo hasara mtu anazopaswa kuzijua mapema. Prosesa nyingi za Intel za kizazi cha 12 na kuendelea zina viini vya aina mbili, vyenye nguvu na vya kubana matumizi ya umeme, na mpangilio wa kazi kati ya viini hivyo uliandikwa kwa ajili ya Windows 11. Windows 10 inavitumia, lakini bila kuufuata mwongozo ambao prosesa yenyewe hutoa. Kadi nyingi za Wi-Fi 6E na Wi-Fi 7 hufanya kazi, ila masafa ya GHz 6 ambayo ndiyo sababu kubwa ya kuzinunua hayapatikani kwenye Windows 10. Na lililo kubwa kuliko yote ni kwamba msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji binafsi waliojiandikisha kwenye mpango wa masasisho ya ziada ya usalama walipewa hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Anayehamia huko anahamia kwenye nyumba ambayo notisi yake imekwisha kubandikwa mlangoni, na afanye hivyo akijua.

Wapo wanaoyapuuza masasisho ya usalama kwa kusema kwamba hawajawahi kupata virusi. Wakumbuke WannaCry ya Mei 2017. Programu hiyo hasidi ilipenya kupitia dosari katika huduma ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao, dosari ambayo Microsoft ilikuwa imeitolea kiraka mwezi Machi mwaka huo huo, na haikumhitaji mtu abonyeze chochote ili kompyuta yake iambukizwe. Idadi kubwa ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa za Windows 7 zisizosasishwa. Windows XP, ambayo msaada wake ulikuwa umekoma Aprili 2014, ilitolewa kiraka cha dharura baada ya shambulio kuanza, na hilo lilikuwa jambo la nadra. Tena hatari haiko kwenye mfumo pekee. Toleo la mwisho la Chrome kwa Windows 7 na 8.1 ni la 109, la mwaka 2023, na kadiri siku zinavyokwenda tovuti hazioni haja ya kulisubiri.

Sasa tuje kwenye leseni, ambako maneno ni mengi kuliko ukweli. Kompyuta zinazouzwa na Windows tayari ndani yake, kuanzia enzi za Windows 8, hubeba ufunguo wa leseni ndani ya famuwea ya ubao mama. Ufunguo huo haufutiki unapofuta diski. Habari hiyo ni njema, kwani ukiirudisha Windows ile ile iliyokuja na kompyuta, itajiamilisha yenyewe. Lakini ufunguo ni wa toleo maalumu. Masharti ya Microsoft kwa kompyuta zinazouzwa na mfumo ndani yake yanatoa haki ya kushuka kwa matoleo ya Pro: mwenye Windows 8 Pro aliruhusiwa kushuka hadi Windows 7 Professional, na mwenye Windows 11 Pro anaruhusiwa kushuka hadi Windows 10 Pro. Toleo la Home halina haki hiyo. Usisahau pia kwamba haki ya kushuka ni ruhusa tu; haikupi faili za usakinishaji, na wala haimlazimu mtengenezaji wa kompyuta akuandikie draiva.

Kabla ya yote hayo, ningemsihi mtu ajiulize anakimbia nini hasa. Nimewasikia wengi wakisema mfumo mpya ni mbaya, na ukiwahoji unakuta tatizo ni moja: menyu imehamia katikati, au kubonyeza upande wa kulia wa kipanya kunaleta orodha iliyofupishwa, au kompyuta imejazwa programu za majaribio zilizowekwa na muuzaji na sasa inajikokota. Menyu inarudi kushoto kwa mipangilio ya kawaida. Programu za muuzaji zinaondoka kwa kusakinisha upya Windows 11 safi, kazi ambayo ni rahisi mara nyingi kuliko kushusha toleo. Ikiwa kinachokukimbiza ni programu moja ya zamani isiyokubali kuwaka, tatizo hilo lina tiba nyingine ambayo nitaieleza mtu akiuliza, kwa kuwa ni ndefu.

Kwa aliyekwisha kupima na kuamua, maandalizi ndiyo kazi yenyewe, na usakinishaji ni hitimisho tu. Jambo la kwanza ni usimbaji fiche, yaani kuifunga data kwa ufunguo wa siri. Kompyuta nyingi mpya huisimba diski kwa BitLocker bila kumuuliza mwenyewe, hata zile za toleo la Home, mara tu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wa kuifungua una tarakimu 48 na huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Uandike mahali nje ya kompyuta kabla hujagusa mpangilio wowote wa famuwea, kwa sababu kubadilisha Secure Boot au TPM (chipu ya usalama) kunaweza kuifanya kompyuta iudai ufunguo huo papo hapo. Jambo la pili ni flashi ya urejeshaji yenye nafasi ya kutosha, GB 32 ikiwezekana, iliyotengenezwa kwa zana ya Windows yenyewe au ya mtengenezaji. Sehemu ya urejeshaji iliyomo kwenye diski itapotea ukifuta sehemu zote za diski wakati wa kusakinisha, na watu wengi huligundua hilo wakiwa wanaihitaji.

Jambo la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, na silioni likisemwa mara nyingi. Fungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa iliyomo ndani ya Windows, ungali kwenye mfumo uliokuja na kompyuta, uende kwenye kila kifaa muhimu, na kwenye maelezo yake utafute kitambulisho cha kifaa. Utaona maandishi yanayoanza na PCI au USB, yakifuatiwa na VEN na DEV kwa vifaa vya PCI, au VID na PID kwa vifaa vya USB. Tarakimu za VEN hutaja mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 10EC ni Realtek. Tarakimu za DEV hutaja kifaa chenyewe. Draiva yoyote ya Windows huambatana na faili la INF lililoorodhesha vitambulisho inavyovihudumia, na faili hilo hufunguka kwa Notepad. Kwa hiyo unaweza kupakua draiva ya Windows 10, ukalifungua faili la INF, ukatafuta kitambulisho chako, na ukajua kabla ya kufuta chochote kama kadi yako ya Wi-Fi itafanya kazi. Kazi hii inachukua jioni moja, na inakuepusha na kubahatisha.

Kama kompyuta yako ina diski inayochomoleka, ichomoe ile ya asili, uihifadhi kama ilivyo, na usakinishe mfumo wa zamani kwenye diski nyingine. Hakuna nakala rudufu iliyo salama kuliko diski ambayo haikuguswa. Mambo yakienda kombo, unairudisha na kompyuta inawaka kama ilivyokuwa. Kwa zile ambazo hifadhi yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mama, itabidi kutegemea flashi ya urejeshaji na nakala za mafaili.

Katika usakinishaji wenyewe, iwashe flashi kwa UEFI, usitumie njia ya BIOS ya zamani isipokuwa mfumo unaouweka unaidai. Diski iliyopangwa kwa MBR, mpangilio wa enzi za BIOS, haiwezi kutumia zaidi ya TB 2 na haina nafasi ya zaidi ya sehemu kuu nne, wakati GPT, mpangilio unaokwenda na UEFI, haina vikwazo hivyo. Ukimaliza, anza na draiva za chipseti, kisha za mtandao, kisha za michoro, ndipo zifuate sauti, padi ya kugusa na vingine. Draiva ya mtandao iwe kwenye flashi tangu mwanzo. Ukiisahau, simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB na kuwashiwa huduma ya kushiriki intaneti hutambuliwa na Windows 10 bila draiva ya ziada, na itakuvusha.

Karibuni kwa maswali na hoja.

Mchangiaji: Mkuu, shukrani kwa uzi wenye kina. Mimi nina kompyuta mpakato yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 13. Nimetengeneza flashi ya Windows 10, inawaka vizuri, lakini nikifika mahali pa kuchagua diski, orodha ni tupu kabisa. Je, diski imeharibika?

Mwanzisha uzi: Diski ni nzima, ndugu. Kuanzia kizazi cha 11, kompyuta nyingi za Intel huziweka diski za NVMe nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD, na Windows 10 haina draiva ya kidhibiti hicho ndani ya faili zake za usakinishaji. Una njia mbili. Ya kwanza ni kupakua draiva ya Intel Rapid Storage kutoka ukurasa wa modeli yako, kulifungua faili hilo hadi uone folda yenye faili la INF, kuinakili folda hiyo kwenye flashi, kisha kwenye skrini hiyo hiyo iliyo tupu ubonyeze Load driver na kuionyesha folda. Diski itatokea papo hapo. Ya pili ni kuingia kwenye mipangilio ya famuwea na kuizima VMD, kama mtengenezaji ameruhusu. Naipendelea ya kwanza, kwa sababu ukiizima VMD kisha ukaamua kurudi kwenye Windows 11 iliyokuwamo, haitawaka hadi uiwashe tena, na mtu asiyekumbuka alibadilisha nini hudhani kila kitu kimeharibika.

Mchangiaji mwingine: Samahani, naomba kupingana nawe kidogo. Kompyuta yangu ilikuja na Windows 11, nikaweka Windows 10, na sasa ina kasi zaidi. Huoni kwamba unawatisha watu bila sababu?

Mwanzisha uzi: Sina shaka na unachokiona, ila ningependa tutenganishe sababu mbili. Ulipoweka Windows 10 ulifanya mambo mawili kwa pamoja: ulibadilisha toleo, na uliondoa kila kitu ambacho mtengenezaji alikipachika, yaani programu za majaribio, vikumbusho vya kusajili bidhaa, na programu mbili au tatu za kudhibiti virusi zinazogombania prosesa. Ili kujua ni lipi kati ya hayo lililoleta kasi, inabidi kulinganisha Windows 10 safi na Windows 11 safi kwenye kompyuta ile ile. Sehemu nyingine ya tofauti hutokana na kinga ya kumbukumbu inayotegemea teknolojia ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi), ambayo kwenye Windows 11 safi huwashwa tangu mwanzo, na ambayo inaweza kupunguza kasi ya baadhi ya michezo. Kinga hiyo huzimika kwa mipangilio bila kubadilisha mfumo, ingawa ukiizima unakuwa umebadilishana usalama na kasi. Kama umeridhika na ulichonacho na umejiandikisha kwa masasisho ya ziada, sina sababu ya kukutaka urudi.

Mchangiaji wa tatu: Ulisema utaeleza kuhusu programu za zamani. Ofisini tuna programu ya kuhifadhi kumbukumbu iliyoandikwa miaka ya 1990. Kwenye kompyuta mpya inakataa kabisa, na aliyeiandika hapatikani tena. Ndiyo sababu tunataka Windows 7.

Mwanzisha uzi: Hapa ndipo kushusha toleo kunapoweza kuwapa gharama yote bila kuwapa mnachokitaka. Programu nyingi za miaka hiyo ziliandikwa kwa biti 16. Windows yoyote ya biti 64, iwe 7, 10 au 11, haina sehemu inayoendesha programu za biti 16. Uwezo huo ulibaki kwenye matoleo ya biti 32 peke yake. Kwa hiyo mnaweza kuhangaika mkaiweka Windows 7 ya biti 64 kwenye kompyuta mpya, na programu yenu ikakataa vile vile. Mnachokihitaji ni Windows ya biti 32, nayo Windows 11 haina toleo hilo. Windows 10 inalo, lakini halitawaka kwenye UEFI ya biti 64 bila CSM, ambayo kompyuta yenu mpya huenda haina, na hata likiwaka halitumii zaidi ya GB 4 za kumbukumbu (RAM).

Njia iliyo salama ni mashine pepe. Iacheni Windows 11 mahali pake, msakinishe VirtualBox, ambayo ni ya bure, kisha ndani yake muweke Windows ya zamani ya biti 32 mnayomiliki leseni yake. Mashine pepe huuonyesha mfumo vifaa vya kuigiza ambavyo ni vya zamani na vinavyofahamika, kwa hiyo matatizo yote niliyoyaeleza juu, ya USB, NVMe na CSM, hayapo humo. Mnaweza kuikatia mtandao kabisa mashine hiyo na kubadilishana mafaili kwa folda ya pamoja, na mnaweza kuinakili nzima kama faili moja na kuihifadhi pembeni, jambo ambalo kwenye kompyuta halisi lingekuwa kazi kubwa. Kama programu ni ya DOS tupu, mfumo wa maandishi uliotangulia Windows, jaribuni kwanza DOSBox, programu inayoiigiza DOS, ambayo haihitaji Windows ya zamani hata kidogo. Kikwazo cha kweli kinatokea pale programu inapodai kifaa maalumu kilichochomekwa kwenye tundu la printa la zamani, kama zile funguo za kuzuia kunakili. Hapo msiitegemee mashine pepe kabla ya kuijaribu. Kompyuta kuukuu iliyotengwa na mtandao inaweza kuwa suluhisho bora kuliko mpya iliyolazimishwa.

Mchangiaji wa nne: Vipi kuhusu matoleo ya LTSC? Nasikia yanadumu muda mrefu na hayana takataka.

Mwanzisha uzi: Yapo, ni matoleo ya Windows yenye msaada wa muda mrefu, na ni mazuri kwa kazi yaliyokusudiwa. Windows 10 Enterprise LTSC 2021 inasaidiwa hadi Januari 2027, na ndugu yake wa IoT Enterprise hadi Januari 2032. Tatizo ni leseni. Zimetengenezwa kwa ajili ya mashirika na watengenezaji wa vifaa maalumu, kama mashine za malipo na za hospitali, na haki ya kushuka ya kompyuta yako ya Pro haikufikishi huko. Funguo zinazouzwa mitandaoni kwa bei ya kutupa mara nyingi zimetolewa kwenye mikataba ya mashirika, na shirika likiufuta mkataba, umiliki wako hauna pa kusimama. Kwa shirika lenye mkataba halali, naliona kuwa chaguo la maana kuliko Windows 10 ya kawaida.

Mchangiaji wa tano: Na kwa sisi wa Mac?

Mwanzisha uzi: Kwenu jibu ni fupi. Apple yenyewe inaeleza kwamba Mac haitumii toleo la macOS lililo la zamani kuliko lile iliyokuja nalo kutoka kiwandani. Unaweza kurudi hadi toleo hilo la kiwandani, usivuke hapo. Anayehitaji la nyuma zaidi atafute Mac ya zamani zaidi.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, Load driver imefanya kazi, diski imeonekana. Sasa naona sehemu nne juu yake: moja ya MB 260, nyingine ya MB 16, kubwa ya GB 475, na ya mwisho ya GB 1. Nifute zote au ile kubwa tu?

Mwanzisha uzi: Kabla ya kufuta, nithibitishie kwamba flashi ya urejeshaji iko tayari na umeijaribu kuiwasha, kwa sababu sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye zana za urejeshaji. Kama iko tayari, futa zote nne hadi ibaki nafasi moja isiyogawanywa, uichague hiyo, kisha bonyeza Next. Usakinishaji utajitengenezea sehemu zake upya. Ukifuta ile kubwa peke yake pia itafanya kazi, ila faili za kuwashia za Windows 11 zitabaki ndani ya sehemu ya MB 260 pamoja na mpya, na zana za urejeshaji zitakuwa za toleo usilolitumia. Angalia pia jina la diski juu ya orodha, uhakikishe kwamba hujaichagua flashi yenyewe au diski ya nje iliyosahaulika kwenye tundu. Chomoa kila kisichohitajika kwanza, ndipo ufute.